Kopo la Nyuzilishe kwa Utumbo Upi?

Mtoto wa Ruaruke anayehara damu akifikishwa zahanati, tabibu hufikiria kwanza bakteria wa kuhara damu, kisha amiba. Hakosei: katika delta ya Rufiji, nchi ya maji na mafuriko, hao ndio watuhumiwa wa kwanza. Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda, ambamo kinga ya mwili huuchokoza utumbo kwa miaka, havithibitishwi kwa kupima choo peke yake. Panahitajika kamera ya kuangalia ndani ya utumbo na kinyama cha kupimwa maabara. Na hata hapo, kifua kikuu cha utumbo huweza kufanana na Crohn.

Makala haya yanapinga dhana kwamba nyuzilishe zinazouzwa kwenye kopo, kwa kuwa asili yake ni mimea, haziwezi kumdhuru mtoto kama huyo.

Nyuzilishe zenyewe zina sifa, tena sifa iliyopimwa pwani hii hii. Huko Msambweni, Kwale, nchini Kenya, watoto wachanga 155 walilishwa kwa miezi 4 uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubisho. Unga wenye madini ya chuma uliwapunguza bakteria wema na kuwapa nafasi wale wa maradhi. Ulipoongezewa gramu 7.5 za galakto-oligosakaraidi, chakula cha bakteria wema, madhara hayo yalipungua. Matokeo yalichapishwa 2017.

Lakini watoto wa Msambweni hawakuwa na Crohn. Nchini Uingereza, wagonjwa 103 wa Crohn, watu wazima, walishirikishwa katika jaribio la frukto-oligosakaraidi, nazo ni chakula cha bakteria wema, lililochapishwa 2011. Waliozitumia hawakupata nafuu kuliko waliopewa unga mtupu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliopima vinyama vya utumbo wa watoto wagonjwa, walionyesha jambo zito zaidi: bakteria wa kuzichachusha wakikosekana, nyuzilishe za inulini na jamaa zake hubaki nzima, na kwa baadhi ya wagonjwa huchochea uvimbe. Tena mtoto wa Crohn mara nyingi huanzishiwa lishe ya kimiminika pekee kwa wiki 6 hadi 8, na nyingi kati ya lishe hizo hazina nyuzilishe hata chembe.

Kisamvu, kunde na muhogo wa Ruaruke havina kesi hapa. Mtoto mzima na ale. Ila anayehara damu wiki baada ya wiki, dawa zimekwisha na uzito unashuka, fedha ya kopo ingemfaa zaidi kama nauli ya kwenda Kibiti, na kwa rufaa hadi Muhimbili, akapimwe.