Biskuti za Noeli kwa Moto wa Mkaa

Majilio yamefika, na watoto wameanza kuuliza, "Baba, Noeli tutakula nini?" Leo nawaletea habari ya biskuti za siagi. Vitu vyake vikuu ni vitatu tu: unga wa ngano, sukari na siagi.

Kwanza niungame kosa langu. Mwaka juzi mama watoto alikusanya malai ya ng'ombe wetu mmoja kwa siku nyingi. Akayasukasuka katika kibuyu mpaka siagi ikatoka, akaiosha kwa maji baridi mpaka maji yakawa safi, ili isichache upesi. Siagi ile ingaliuzwa tungalipata daftari za Januari. Lakini mimi nilijisifu kuwa najua kupika biskuti, naye akanipa.

Nikarundika makaa yote chini ya sufuria. Biskuti zikaungua chini, juu zikabaki mbichi. Binti yetu mdogo alizitazama asiseme neno. Mama watoto akasema tu, "Moto wa chini ni wa ugali, baba Noeli. Huu wa biskuti utoke juu." Watoto wakacheka, nami nikacheka kwa aibu. Siagi iliyosalia tukaipika kwa shauri lake, zikawa biskuti kweli.

Basi fanyeni hivi. Kwa uzito, sukari sehemu 1, siagi 2, unga 3. Asiye na mizani apime sukari nusu kikombe, siagi kikombe 1, unga vikombe 2 na nusu, na chumvi kidogo sana. Fanyeni alfajiri, maana siagi ikiyeyuka biskuti hutawanyika.

Pondeni siagi na sukari mpaka zichanganyike, kisha tieni unga. Msikande sana: unga wa ngano ukikandwa mno huvutika kama wa chapati, na biskuti huwa ngumu. Sukumeni unene wa nusu kidole, kateni kwa mdomo wa bilauri.

Tandazeni mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funikeni, ipasheni moto. Wekeni biskuti juu ya sahani ya bati, sahani juu ya mchanga, mfunike tena. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 15 chunguzeni. Kingo zikigeuka rangi ya asali, toeni. Zikiwa moto ni laini. Msidhani ni mbichi. Siagi ikipoa hukaza. Zikipoa kabisa, zitieni katika kopo lenye mfuniko.

Daftari zile tulizinunua mwezi wa pili, na mwanangu aliandika kwenye karatasi chakavu majuma mengi. Kwa hiyo nawaomba, akina baba wenzangu: makaa tuyachochee sisi, lakini kabla ya kuiyeyusha siagi ya nyumba nzima, tumwulize mwenye jiko.