Acheni kusubiri dishi la Longonot

Jamani, wimbo huu umenichosha. Kila tukitaja elimu ya anga hapa Nakuru, mtu anasema tusubiri dishi la mawasiliano ya satelaiti pale Longonot ligeuzwe darubini ya redio, ndipo tuanze. Ligeuzwe, sawa. Lakini kusubiri ni kisingizio.

Angalieni habari ya kwasari, yaani viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa kwa sababu shimo jeusi linameza gesi. Januari 2013, Roger Clowes wa Uingereza na wenzake walitangaza kundi la kwasari 73 lenye urefu wa miaka ya nuru bilioni 4 hivi. Magazeti yakashangilia: umbo kubwa kuliko yote ulimwenguni!

Mwaka huohuo Seshadri Nadathur, akiwa Ujerumani, akawapinga. Hakuhitaji darubini mpya. Alitumia data ileile ya Sloan Digital Sky Survey, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Kisha akaiambia kompyuta itawanye nukta ovyo, akazipitisha kwenye njia ileile ya akina Clowes. Makundi makubwa namna ile yakatokea humo pia, tena mara nyingi.

Kwa nini? Njia yenyewe huunganisha kwasari na jirani yake aliye ndani ya umbali fulani, kisha jirani wa jirani, mpaka mnyororo ukatike. Ukiruhusu umbali mrefu, mnyororo unakwenda mbali. Waandishi wa programu mnajua: programu ya kutafuta makundi itakupa makundi hata ukiilisha takataka.

Kipimo cha haki ni kuhesabu jozi. Chukua picha ya flamingo wa Ziwa Nakuru iliyopigwa kutoka juu. Hesabu jozi zilizoachana mita 1, kisha linganisha na picha yenye nukta idadi ileile zilizomwagwa ovyo. Za flamingo zikizidi sana, basi ndege wamekusanyika kweli. Kwasari zikipimwa hivyo zinakusanyika kweli, ila kwa umbali wa makumi ya mamilioni ya miaka ya nuru, si mabilioni.

Kazi hiyo inataka laptopu, Python, bando na hesabu za chuo mlizozisahau. Kwa hiyo nyinyi mnaodai hatuna vifaa, semeni ukweli: hatujapakua data.

Mnabisha? Haya, leteni hoja.