Shangingi Siyo Gari la Kuendea Kazini

Dar es Salaam, kila anayetafuta gari hupewa ushauri uleule, tena bila kuuomba. Ongeza hela kidogo, achana na vigari vya chini, chukua Prado. Mwingine atataja Surf, mwingine Pajero, na aliyekulia Arusha atasema Land Rover. Sababu hazibadiliki: barabara zetu ni mbovu, gari la juu halikwami, Land Cruiser haifi, na siku ya kuiuza bei itakuwa palepale. Ushauri huu hutoka kwa shemeji, kwa fundi, kwa jirani, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema. Ni ushauri mbaya. Kwa mtu wa kipato cha kati anayetaka gari la kumpeleka kazini na kumrudisha, shangingi la mtumba ni mzigo ambao hakuna mtu aliyemlazimisha kuubeba.

Hoja ya barabara ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa hiyo ijibiwe kwanza. Anayeishi Kivule, Madale au Kinyerezi haoti anapolalamika. Masika yakishika, maji huchimba makorongo katikati ya njia, na lami inapoishia ndipo safari inapoanza. Lakini ni magari gani yanayopita huko kila siku, alfajiri na usiku? Ni bajaji, ni Noah, ni Hiace za daladala zilizojaa hadi mlangoni. Nchini Kenya, vijiji vingi vimefikiwa na Probox, gari lililotoka mwaka 2002 likilenga shughuli za ofisi na maduka ya Japani, huku likiwa limebeba watu na magunia. Magari haya hayana gia nzito ya kupandia milima wala difu ya kufunga. Yanapita kwa sababu dereva anajua gurudumu lipite wapi, na kwa sababu njia yenyewe, pamoja na ubaya wake wote, ni njia ya mtaani na si pori la Katavi.

Anayetaka gari lililoinuka anaweza kulipata bila kununua shangingi. Subaru Forester ya kuanzia mwaka 2012 ina nafasi ya takriban sentimita 22 kati ya tumbo lake na ardhi. Prado iliyotoka mwaka 2009 ina kiasi hichohicho. Tena Prado ina ekseli nzima nyuma, na bonge la difu linaning'inia katikati yake, pale pale ambapo jiwe la katikati ya njia hukaa.

Tofauti kubwa iko kwenye uzito. Prado hujengwa juu ya chasisi ya chuma kama lori, na yenye injini ya petroli ya lita 2.7 ina takriban tani mbili kabla hajapanda mtu. Chasisi hiyo ina kazi yake: inavumilia kupindwa na mashimo miaka na miaka, inavuta trela, inabeba mzigo porini. Kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere haina kazi yoyote, ila inasukumwa tu, taa hadi taa. Mtu anayeendesha kilomita 50 kwa siku, siku 22 za mwezi, anafikisha kilomita 1,100. Gari likila lita moja kwa kilomita sita na nusu, jambo la kawaida kwa Prado ya petroli katika foleni, atahitaji karibu lita 170. Gari la lita 1.5 linalokwenda kilomita 12 kwa lita litamaliza kazi hiyohiyo kwa lita 92 hivi. Pengo ni lita 77 na zaidi kila mwezi, zaidi ya 900 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 231,000 za kila mwezi, ada ya mtoto inayotoka kwenye bomba la moshi. Na tangu mwaka 2017, Serikali ya Tanzania ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 za ushuru kwenye kila lita ya mafuta, anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa nyingi.

Basi wanasema: yote sawa, lakini haifi.

Sifa hiyo ni ya kweli, ila si ya gari lile linalouzwa yadi. Land Cruiser iliyojenga jina Afrika ni ile ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, na hasa zile zenye injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, pampu ya kimakanika, bila turbo wala kompyuta. Nyingi zilinunuliwa mpya na miradi, hospitali za misheni na kampuni za utalii, zikapewa fundi wa kudumu na daftari la matengenezo ambalo halikuruka tarehe. Uimara ule ulikuwa wa chuma na wa daftari kwa pamoja. Mnunuzi wa leo anachukua jina la gari lile, kisha anapewa ufunguo wa gari jingine.

Akichagua Prado ya dizeli ya miaka ya 2000, kwa mfano, mara nyingi atakuta injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0. Ni injini nzuri mikononi mwa anayeijua. Injekta zake zinapokea mafuta kwa shinikizo linalozidi bar 1,300, na chini ya kila injekta kuna washa ndogo ya shaba. Washa hiyo ikichoka, gesi ya moto huvuja kuingia kwenye oili. Oili huwa nzito na nyeusi, masizi yanajikusanya kwenye chujio lililo ndani ya sampu, na siku moja pampu inavuta isipate kitu. Injini inakufa kwa kiu ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Mafundi wazuri hubadilisha washa hizo mapema na kufungua sampu kulikagua chujio. Ni wanunuzi wangapi wanaomuuliza muuzaji kama kazi hiyo iliwahi kufanyika?

Kuna pia suala la mafuta yenyewe. Neno kuchakachua halikuingia kwenye Kiswahili cha kila siku kwa bahati. Lilienea kwa sababu ya mafuta ya taa kuchanganywa kwenye dizeli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya uchakachuaji itoweke. Hali ikawa afadhali, lakini injekta ya kisasa haisamehi hata tangi moja chafu. 1HZ ilisamehe mengi.

Halafu kutu. Watu wanaonunua magari ya magurudumu manne Japani ni pamoja na wale wa Hokkaido na kaskazini ya Honshu, kwenye theluji. Theluji huyeyushwa kwa chumvi, na chumvi hupanda tumboni mwa gari kila baridi kwa miaka kumi. Uingereza, inakotoka sehemu ya Prado za dizeli, nayo humwaga chumvi barabarani. Gari linafika bandarini likiwa limeng'arishwa, viti vinanukia upya, huku chasisi ikiliwa kwa ndani. Toyota yenyewe inaufahamu ugonjwa huu: mwaka 2016 ilikubali kumaliza kesi Marekani kuhusu chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa malipo yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Anayeepuka kutu kwa kununua gari lililotumika hapahapa, la mnada, lililowahi kuvaa namba za serikali (STK) au za miradi ya wafadhili (DFP), ananunua rasta za Sikonge na Kibondo. Kila bushi na kila shokapu imeshazihesabu.

Kuhusu bei kutoshuka, jambo hili husemwa kana kwamba ni zawadi kwa mnunuzi. Bei isiyoshuka ni neema ya anayeuza. Kwa fedha ileile, mtu ataondoka na gari dogo la miaka saba au shangingi la miaka kumi na nane, na forodha inalijua hilo: Tanzania hutoza nyongeza ya asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 likizidi kumi, mbali na ushuru wa asilimia 10 kwa injini inayozidi lita mbili, wakati ya kati ya lita moja na mbili inalipa asilimia 5. Kenya imekataa kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Serikali tatu zimeuona umri kuwa tatizo. Wanaotoa ushauri mtaani wanautazama urefu wa gari peke yake.

Linalouma zaidi ni imani kwamba gari kubwa ni ngao ya familia. Magurudumu manne yanayosukuma husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Gari refu lenye kitovu cha uzito kilicho juu hupinduka upesi kuliko gari la chini linapokwepa bodaboda ghafla, na Prado nyingi za miaka ya 1990 hazina mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka. Mwaka 2000, Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yanayokadiriwa kufikia milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer. Yalibanduka kwenye mwendo kasi na joto, magari yakapinduka, na zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Hapa kwetu matairi ya shangingi ni ghali, kwa hiyo wengi hununua ya mtumba, mawili leo na mawili mwezi ujao, bila kusoma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Na mafuriko ya Jangwani? Prado inaweza kuvuka maji ya sentimita 70 yaliyotulia. Maji ya Mto Msimbazi, unaopita hapo, hayatulii. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaonya kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu huyabeba magari mengi, ya juu yakiwamo. Dereva wa gari dogo huogopa na kugeuza. Wa gari la juu hujiamini, na nyuma yake wamekaa watoto.

Wapo wanaolihitaji kweli: afisa ugani wa Malinyi, mfanyabiashara wa mpunga anayeingia bonde la Kilombero wakati wa mvua, anayepeleka wageni Serengeti. Hao walinunue, lakini walale chini yake wakiwa na nyundo na tochi kabla ya kulipa, wagonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma, na wadai cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, kinachoonyesha kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Anayetoka Kivule kwenda Posta, gari lake limeegeshwa kwenye yadi hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye Prado: Forester au RAV4 yenye umri mdogo, isiyo na kutu tumboni, na fedha inayobaki inatosha matairi manne mapya.