Minofu Ng'ambo, Miiba Kisumu

Mji hujulikana kwa chungu chake. Atokaye Mombasa huulizwa habari za biriani na viazi vya karai, na atokaye Kisumu hana budi kuulizwa habari za samaki. Basi yanishangaza kuwa vijana wetu wa pwani wanaokwenda Kisumu siku hizi, kwa kazi au kwa mikutano, huja kuniuliza swali jingine kabisa. Wauliza ni wapi katika vitongoji vya mji ule, huko Riat au Mamboleo, mtu aweza kupata mkahawa mzuri wa Kijapani apate kula sushi, yaani ule wali uliotiwa siki na kuwekewa kipande cha samaki mbichi juu yake. Wameionja Dubai na Nairobi, imewakaa ulimini, na sasa wataka kuikuta kila waendako.

Msomaji, mimi sioni aibu wala dhambi katika swali hilo. Ulimi ni msafiri kama miguu. Biriani yenyewe tunayojivunia haikuota kwenye mchanga wa Forodhani. Ililetwa na jahazi, tukaifanya yetu. Lakini kila nikilitazama swali la vijana hawa, naliona limekalia swali jingine lililo zito zaidi. Kisumu ni mji uliojengwa ukingoni mwa ziwa lililo kubwa kuliko yote Afrika. Kwa nini basi mtu aliyeko hapo ahangaike kutafuta samaki mzuri?

Tuanze na hao Wajapani. Wengi wetu twadhani sushi ni chakula cha matajiri tangu asili, na sivyo. Mababu wa sushi walitoka kwenye maziwa na mito. Hata leo, kandokando ya Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani, wenyeji huwatia samaki chumvi, wakawashindilia ndani ya wali na kuwaacha miezi mingi hata wachachuke. Ilikuwa ni njia ya mvuvi maskini ya kuhifadhi kitoweo kisioze. Hii sushi ya samaki mbichi juu ya tonge la wali ilienea katika miaka ya 1820 katika mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo, na huhusishwa na mpishi aitwaye Hanaya Yohei. Ilikuwa chakula cha kando ya njia, mtu akila amesimama, kama sisi tulavyo mishikaki na mihogo ya kukaanga. Kilichoipandisha daraja ni kuwa watu wale walikiheshimu chakula chao wenyewe kwanza, ndipo dunia nayo ikakiheshimu.

Sasa tuipeleke sushi hiyo Kisumu, tuone itawekewa samaki gani. Ngege wa ziwani hafai kuliwa mbichi, kwa kuwa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, huweza kubeba minyoo inayomdhuru mwanadamu. Wajapani wenyewe wana hadhari kubwa katika jambo hili. Basi mwenye mkahawa itambidi aagize jodari kutoka Mombasa, au salmoni aliyefugwa Norwe akaletwa kwa ndege katika barafu. Na hata salmoni huyo si wa asili katika sushi. Ni Wanorwe waliokwenda kuwashawishi Wajapani kumla mbichi katika miaka ya 1980, ili wapate soko. Kwa hiyo kijana wetu atakaa barazani, ziwa likimeremeta mbele yake, akila samaki aliyevuka mabara mawili, huku samaki wa ziwa lile akiwa naye yumo safarini kwenda ng'ambo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, alitiwa katika ziwa hili samaki mkubwa mla samaki wenziwe, ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita sangara na Wajaluo humwita mbuta. Alikaa kimya miaka mingi, kisha katika miaka ya 1980 akafurika ziwa zima. Aina mamia za samaki wadogo, fulu na jamaa zake, zilitoweka au zikabaki kidogo mno. Mbuta akaleta viwanda. Viwanda vikakata minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na fedha za kigeni zikaingia. Soko la Ulaya lilipofungwa mara kwa mara kati ya 1997 na 2000 kwa sababu za usafi na khofu ya sumu, mji mzima uliyumba. Siku hizi mbuta wamepungua na baadhi ya viwanda vimefunga milango, lakini mwenendo uliokwisha kujengeka haujafungwa: kilicho bora hutoka, kinachobaki ndicho cha wenyeji.

Nendeni Obunga mkaone. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, pembeni mwa Kisumu, karibu na viwanda. Huko kina mama hununua mifupa ya mbuta iliyokwisha kunyolewa minofu, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikamana na uti wa mgongo, wakaikaanga katika mafuta yanayochemka na kuiuza. Watu wamekipa kitoweo hicho jina la Kiswahili lililo wazi kama chenyewe: mgongo wazi. Mimi nimekila. Ukipata penye kichwa, ambapo kisu cha kiwanda hakikufika, kina utamu. Siwadharau wanaokipika, wala wanaokila. Wamefanya kwa akili na jasho kile ambacho tajiri alikiona takataka. Lakini utamu wa kichwa haufuti swali la minofu.

Na kibofu cha hewa cha samaki huyo, ambacho watu wa Mwanza hukiita bondo, nacho hakibaki. Huuzwa kwa bei kubwa kuliko nyama yake, kikaenda Uchina na Hong Kong kutiwa katika supu za karamu. Hata dagaa, omena kwa Kijaluo, samaki mdogo kuliko wote na aliyeumbiwa sufuria ya maskini, sehemu yake kubwa husagwa ikawa chakula cha kuku na mifugo. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, sheria ya Kenya hufunga uvuvi wa omena ili wazaane. Wavuvi huvumilia miezi minne ya njaa, kisha anayetangulia kushiba ni kuku.

Pengo hilo likiachwa wazi, halikosi kuzibwa. Nilipokuwa sokoni Kisumu niliulizwa na mama mmoja muuza samaki, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri, "Mzee, wataka wa ziwa ama wa Uchina?" Nikamwambia, "Mama, mimi nimetoka pwani kuja kula wa ziwa." Akacheka, akafunua gunia la chini. Wa Uchina walikuwa juu, wamegandishwa, wote kimo kimoja kama matofali, na bei yao ilikuwa nafuu. La ajabu ni kuwa yule ngege wa Uchina naye ni Mwafrika kwa nasaba. Asili yake ni maji ya bara letu hili. Wachina walimchukua katika miaka ya 1970, wakamfuga kwa bidii na elimu, na sasa wanaturudishia wajukuu zake katika masanduku ya barafu. Oktoba 2018 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alilalamika hadharani juu ya samaki hao, na serikali ikatangaza kuzuia uagizaji wao. Zuio halikudumu. Na lingedumu vipi, ilhali walaji wameongezeka na samaki wa ziwani wamepungua? Marufuku haijazi sufuria.

Palikuwa na mahali Kisumu ambapo mgeni hakuhitaji kuuliza. Paliitwa Lwang'ni, neno ambalo kwa Kijaluo ni nzi, na jina hilo lilikuwa la mzaha wa mapenzi. Ukingoni mwa maji palipangana vibanda vya mabati. Ulikwenda ukamchagua samaki wako, akapasuliwa, akakaangwa na kuletwa mzima juu ya sinia pamoja na ugali na mboga chungu, ukala kwa mkono, wazi wazi, waziri na dereva wake wakigusana viwiko. Mwaka 2019 vibanda vile vilibomolewa ili kupisha ukarabati wa bandari. Bandari ni jambo la kheri, wala sina ugomvi nayo. Lakini tulipopanga mahali pa meli tulisahau kupanga mahali pa jiko. Mei 2022 mji huohuo ulipokea mkutano mkubwa wa miji ya Afrika, Africities, wageni wakaja kwa maelfu. Hoteli zilipata matengenezo na barabara zikatiwa taa. Wale kina mama waliokuwa wakiulisha mji miaka yote hiyo, fungu lao lilikuwa wapi?

Kwa sisi Waislamu wa pwani, swali hili lina upande wake khasa. Msafiri wetu afikapo mji asioujua, na akawa na shaka juu ya nyama na mchinjaji wake, kimbilio lake ni samaki, maana samaki hahitaji kisu wala bismillahi ya mchinjaji ndipo awe halali. Ndiyo rehema ya dini. Hata mbichi, uhalali wake hauondoki. Lakini atakaye kula Kijapani, popote pale, na aulize kama katika wali au mchuzi mmetiwa mirin, kwani hiyo ni aina ya kileo kitamu cha mchele kinachotumiwa na wapishi wa Kijapani. Na atakaye kula ziwani aulize juu ya mafuta na kikaango, kilipikiwa nini kabla ya samaki wake. Asipotulia moyo, na aende Kaloleni ya Kisumu, waliko Waislamu wenziwe, akawaulize wenyeji. Jamaa zetu wapo huko tangu zamani, tangu misafara ya Mumias na tangu reli ilipolifikia ziwa Desemba 1901. Hawatamkosesha mahali pa kula na mahali pa kuswali.

Tena asije mtu wa Mombasa au Lamu akacheka akisema hayo ni mambo ya bara. Jodari anayepamba sushi ya Tokyo, wengine huvuliwa katika bahari hii hii yetu. Meli za Kijapani zenye mishipi mirefu zimo katika Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1950, na za Ulaya na nchi nyingine za Asia zilifuata. Mvuvi wetu wa mtumbwi na ngalawa huiona taa yao kwa mbali usiku. Katika mikahawa ya kitalii ya pwani, sahani ya jodari mbichi huuzwa bei ambayo mvuvi huyo hathubutu kuilipa. Maji yamebadilika jina, mambo ni yale yale.

Basi nini cha kufanya? Sisemi tufunge mipaka, wala sisemi samaki wasiuzwe nje. Biashara ni riziki, na nasi watu wa pwani ndio tuliokuwa mabingwa wake. Nasema mambo matatu yasiyo mazito. Kwanza, kila hoteli na kila muuzaji ataje samaki wake ametoka wapi: ziwani, kwenye vizimba vya kufugia, au Uchina. Anayetaka cha bei nafuu anunue akijua, na anayelipia cha ziwa asipewe kilichogandishwa. Dini yetu yakataza kuficha aibu ya bidhaa. Pili, kila bandari ndogo ya wavuvi ipate maji safi, barafu na kivuli, ili samaki wa mwenyeji asioze wakati wa tajiri yumo katika ubaridi. Tatu, kina mama wa majiko wapewe mahali pao palipoandikwa katika ramani ya mji, wasifukuzwe kila ujapo mradi.

Na kwa vijana wangu wanaouliza, jibu langu ni hili. Mwenye kutaka sushi na aitafute Nairobi, akaile kwa furaha. Afikapo Kisumu, aachane na vitongoji vya juu, ateremke mpaka Dunga, kwenye mafunjo na mitumbwi, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Amuulize mpishi samaki amevuliwa lini na nani, na kama mvuvi mwenyewe amekula. Akijibiwa kuwa mvuvi amekula minofu wala si miiba, basi akae chini anawe mikono, kwani huo ndio mkahawa mzuri.