HUYO SI DAKTARI WA KOPE, NI FUNDI WA KUBANDIKA KOPE!

Wadau wangu wa Bunda na kwingineko, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira.

Kuna dada mmoja maarufu huku Kanda ya Ziwa, jina naliweka kapuni. Kaposti klipu anasema anaenda saluni kupunguzwa nyama za kope ili jicho lionekane kubwa. Anayemkata kajiita "daktari wa kope". Nikauliza kasomea wapi, nikajibiwa kozi ya wiki mbili. Wiki mbili! Na nyie mkamjazia makopakopa.

Mimi nimeishia fomu foo, ila hesabu naijua. Hapa Tanzania mtu anasoma udaktari miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Akitaka ubingwa wa macho anarudi kusoma, Muhimbili au KCMC kule Moshi, miaka mitatu au minne. Hapo ni bingwa wa jicho zima. Akitaka kubobea kwenye kope na mirija ya machozi, anaongeza mafunzo mengine tena. Marekani nyongeza hiyo ni miaka miwili. Jumlisha mwenyewe, inagonga kumi na kuendelea.

Anasomea nini muda wote huo? Kope iliyolegea hadi inafunika mboni. Kope iliyogeukia ndani, nywele zinakwangua jicho. Saratani ya kope. Kope iliyochanika kwenye ajali ya bodaboda. Na machozi: kwenye kona ya jicho karibu na pua kuna vitundu vinavyopeleka machozi puani, ndiyo maana ukilia na kamasi zinakutoka. Njia ikiziba, machozi yanatiririka kutwa, wengine hadi usaha. Yeye anafungua njia mpya kupitia mfupa wa pembeni ya pua. Hiyo siyo kazi ya wembe wa saluni.

Sasa sikia: nyama ya kope ikikatwa kupita kiasi, jicho halifumbi. Unalala liko wazi, linakauka, linapata kidonda, unaweza kupofuka. Urembo gani huo?

Najua kuna mjuaji atasema, "mbona manesi wanapasua vikope vijijini?" Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini wamefundishwa operesheni hiyo, wanasimamiwa, vifaa vyao ni safi, na wanaokoa jicho, hawatafuti wafuasi. Bibi yangu aling'oa kope zake kwa kibano miaka na miaka kwa sababu ya vikope. Jicho moja likaondoka taratibu, sisi tunaangalia tu. Angempata nesi kama huyo mapema, pengine leo angekuwa ananiona vizuri.

Ndiyo maana nikiona mtu mwenye macho mazima anayapeleka kwenye wembe, roho inaniuma.

Fundi wa kope abandike kope, ale riziki yake, sina ugomvi naye. Akishika wembe, kimbia. Na yeyote anayejiita daktari muombe namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Akianza kununa, umeshapata jibu.

Na wewe dada wa kapuni, najua unanisoma. Hujachelewa, ghairi.

Wadau, nimekosea wapi? Dondosha komenti, matusi nafuta.