Kejeli ya Sayari za Mbali

Baadhi ya wahakiki huiona bunilizi ya kisayansi kuwa ukwepaji wa uhalisia. Rai hiyo haina mashiko. Mwaka 1969, tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilionyesha viumbe wakiangamizana kwa sababu nusu nyeusi ya uso ilikuwa kulia kwa hawa, kushoto kwa wale. Waliolengwa ni wabaguzi wa Marekani. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya miaka ya 1980, alitumia mbinu hiyo katika Walenisi (1995), yaani “wale ni sisi”. Msibani Morogoro Mjini, mtani wa Mluguru huweza kumkejeli hata marehemu, kwani mila imempa kibali. Mtunzi asiye na kibali hicho huazima sayari. Umbali huo, basi, ndio utani wake.