Baraza, Nyumba na Ua: Istilahi za Kiwambo katika Faili za Maunzi

Uundaji wa istilahi za kompyuta umeelekea zaidi kwenye yale ayaonayo mtumiaji. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ni kielelezo chema. Tunadai kuwa ngazi ya chini, ambako fundi huuarifu mfumo wa Linux vifaa vilivyomo katika bodi ndogo, inastahili uangalifu uo huo.

Faili hiyo, tuiite mti wa vifaa, haitoi amri, huarifu tu. Kuhusu kiwambo hutaja upana na kimo kwa milimita, idadi ya nukta, na muda wa kuzichora. Tuchukue kiwambo cha nukta 800 kwa mistari 480. Kila mstari una nukta 800 zinazoonekana, nafasi tupu ya 40, mpigo wa ulandanishi wa 48, kisha nafasi tupu ya 88: jumla 976. Ikiwa mistari yote, pamoja na isiyoonekana, ni 528, na picha ni 60 kwa sekunde, zitahitajika nukta 30,919,680 kila sekunde.

Kiingereza, kwa kurithi ufundi wa televisheni, huziita nafasi hizo tupu baraza ya mbele na baraza ya nyuma. Kutohoa hakufai: neno litakalopatikana ni "pochi", nalo tayari ni mkoba wa fedha. Tafsiri sisisi nayo hupotosha. Mwanafunzi atadhani "mbele" ni kabla ya picha, ilhali nafasi hiyo huja baada ya picha. Umbele wake ni wa mpigo. Akizibadilisha, katika kiwambo kinachofuata mipigo hiyo, picha itasogea nukta 48.

Nyumba za Ngamiani mjini Tanga zatupa suluhisho. Mgeni hufikia barazani, huingia nyumbani, hutokea uani. Basi nafasi ya kwanza iwe baraza, mpigo uwe nyumba, na ya pili iwe ua. Mpangilio wajieleza wenyewe, bila "mbele" wala "nyuma".

Majina yasomwayo na programu yatabaki kama yalivyo, kwani hutambuliwa kwa tahajia yake. Lakini maelezo na mafunzo ni yetu. Istilahi isiyomkosesha fundi hesabu ndiyo inayostahili kusanifishwa, na mara nyingine imo tayari katika usemi wa pwani.